Kinasa Sauti cha Kaseti na Amana ya Sauti za Walimu Wetu

(Mada iliyotolewa kwa waumini msikitini, Tunduma, Mkoa wa Songwe, baada ya Swala ya Alasiri)



 

Nimeombwa nizungumze juu ya hili sanduku mnaloliona hapa mbele yangu. Ndani yake mna kanda arobaini za kaseti, nyingi zikiwa za dakika sitini, zenye darsa za tafsiri za aliyekuwa Imamu wetu, Allah amrehemu. Mjane wake ndiye aliyeukabidhi msikiti sanduku hili. Pembeni yake ni redio kaseti ndogo, ya aina ile bapa yenye mkono wa kubebea, iliyotumika kuzinasa darsa hizo. Vijana wengi waliomo humu leo hawajapata kukigusa chombo hiki, na baadhi ya wazee waliokijua vizuri wamekwisha kukisahau.

Nianze kwa kuungama kosa langu. Mwaka 2002, Tunduma ikiwa bado katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya, nilikuwa mwanafunzi wa madrasa mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kubonyeza vitufe vya chombo hiki kila baada ya Magharibi. Siku moja wanafunzi wenzangu walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya kusoma, nikataka tujisikie sauti zetu. Nilichukua kanda juu ya meza bila kuisoma maandishi yake, nikabonyeza kitufe chekundu, tukaisoma Surat Mulk tukiirudiarudia. Kanda ile ilikuwa na darsa ya Surat Yusuf. Imamu alipoambiwa hakunigombeza, alisema tu kwamba ataisomesha tena sura ile. Hakuwahi kuisomesha, kwani alifariki mwaka uliofuata.

Kwa nini kitufe kimoja kiweze kufuta maneno ya mwanachuoni? Yapaswa tujue jinsi chombo kinavyofanya kazi. Ndani ya kanda mna utepe mwembamba wa plastiki, wenye upana wa milimita 3.81, uliopakwa chembechembe za oksidi ya chuma. Utepe huo hupita mbele ya vichwa viwili vidogo, ambavyo mafundi wetu huviita hedi, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa kila sekunde. Sauti inapoingia kwenye maikrofoni hugeuka kuwa umeme, na umeme huo hugeuka kuwa nguvu ya sumaku kwenye hedi, nayo sumaku hiyo huzipanga zile chembechembe kwa mpangilio unaofuata sauti. Utepe ukipita tena mbele ya hedi wakati wa kusikiliza, kazi hiyo hufanyika kinyume chake. Sasa, kabla ya utepe kuifikia hedi ya kunasia, hupita kwanza kwenye hedi ya kufutia. Kwa hiyo ukibonyeza kunasa, hata usiposema neno lolote, yaliyokuwamo yanafutika hapo hapo, wala hakuna fundi wa kuyarudisha.

Waliokibuni chombo hiki walilijua jambo hilo, wakaweka kinga. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoionyesha kaseti hii kwa mara ya kwanza, huko Berlin mwaka 1963. Kiongozi wa wahandisi wake alikuwa Lou Ottens, aliyefariki mwaka 2021. Husimuliwa kwamba alichonga kipande cha mti chenye kutosha mfukoni mwa koti lake, akawaambia wenzake kuwa chombo watakachokitengeneza kisizidi ukubwa huo. Basi tazameni mgongo wa kanda, upande ule usiokuwa na uwazi wa utepe. Mna vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kanda. Ukikivunja kijino, kitufe cha kunasa hakishuki tena kwa upande huo. Ukiushika mgongo ukuelekee, na upande unaotaka kuulinda ukiwa juu, kijino chake ni kile cha kulia. Kazi ya kukivunja ni ya sekunde mbili kwa ncha ya bisibisi. Kama ningelivijua vijino hivi mwaka ule, Surat Yusuf ingelikuwapo kamili. Katika kanda hizi arobaini hakuna hata moja iliyovunjwa kijino, na kwa hiyo kazi ya kwanza tuliyoifanya juma lililopita ilikuwa ni kuvivunja vyote themanini.

Nimesikiliza sehemu ya kanda hizi, na nimegundua makosa tuliyokuwa tukiyafanya bila kujua. Karibu nusu ya darsa zinaanza katikati ya sentensi, hazina Bismillahi. Sababu ni kwamba mwanzo wa kila utepe una kipande kisichopakwa oksidi, ambacho huchukua sekunde tano hivi kupita, nasi tulikuwa tukibonyeza Imamu anapofungua kinywa. Ilitupasa kuuzungusha utepe kwa penseli mpaka rangi ya kahawia ionekane, ndipo tunase.

Kosa jingine lilikuwa la betri. Zikichoka, mota huenda polepole. Ukinasa kwa mwendo huo kisha ukasikiliza kwa betri mpya, sauti hutoka nyembamba na ya haraka kama ya mtoto. Iko darsa moja ya Surat Kahf ambayo Imamu, mtu mzima mwenye sauti nzito, anazungumza humo kama kijana wa miaka kumi. Wajukuu zake waliisikia wakacheka, nami niliona haya.

Na liko jambo la mahali pa kukiweka chombo. Redio kaseti hizi zina uwezo wa kujipandishia sauti zenyewe. Msemaji akinyamaza kidogo, chombo huitafuta sauti yoyote iliyopo na kuikuza. Ndiyo maana kila Imamu anapovuta pumzi tunasikia honi na ngurumo za malori yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde. Sisi tulikuwa tukikiweka juu ya meza ya mbao karibu na dirisha. Tungelikiweka juu ya kitambaa kinene, mbali na dirisha, na maikrofoni ya waya tukaisogeza kiasi cha mkono mmoja kutoka kwa Imamu, tungelipata sauti safi zaidi. Lakini nakiri kwamba sasa nimeyazoea malori yale.

Ndugu zangu, msidhani kwamba habari hii ni ya Tunduma peke yake. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki 1980, alisoma msahafu mzima kwa tartili kwa ajili ya kurekodiwa, na santuri za usomaji huo zikaanza kusambazwa mwaka 1961. Santuri zilihitaji mashine ya gharama. Kaseti ilipoenea ndipo sauti yake ilipoingia katika nyumba za watu wa kawaida, kuanzia Cairo hadi kwetu. Nilipokuwa masomoni Khartoum niliwakuta wazee waliokuwa bado na kanda za Sheikh Abdul Hamid Kishk, yule khatibu kipofu wa Misri aliyefariki mwaka 1996, na walijua kwa moyo mahali ambapo jamaa wa Cairo walipiga takbira. Na upande wetu, kanda za darsa za Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, zilikuwa zikipita mkono kwa mkono. Mtu mwenye redio ya mikanda miwili alinakilia jirani yake, na jirani akamnakilia shemeji yake. Kila nakala ilizidi kuvuma kuliko ile ya kabla yake, hata ukafika wakati unamsikia Sheikh kama anayezungumza ndani ya mvua.

Hapa naomba wanafunzi wangu wanisikilize vizuri. Kanda haiwi mwalimu wa Qur'ani. Inakusomea, lakini haikusikilizi. Ukikosea makhraja ya herufi, al-Husary anaendelea na aya inayofuata wala hatakusimamisha. Qur'ani tumeipokea kinywa kwa sikio, mwanafunzi akisoma mbele ya mwalimu wake na mwalimu mbele ya mwalimu wake. Kanda ni msaidizi wa kurejea yale uliyokwisha kusahihishiwa.

Sasa tunataka kuzihamisha kanda hizi kwenye kompyuta, na hapa ndipo panapohitaji subira. Kanda iliyokaa miaka ishirini isichezwe mara moja. Kwanza itazameni kwenye dirisha lake dogo. Mvua zetu zinaanza Novemba hadi Aprili na nyumba nyingi huwa na unyevu, kwa hiyo mkiona unga mweupe pembeni mwa utepe, huo ni ukungu. Msiiingize, kwa kuwa ukungu huo utabaki kwenye hedi na kuhamia kanda nyingine. Itengeni. Iliyo safi ipelekeni mbele mpaka mwisho, kisha irudisheni nyuma mpaka mwanzo, ili utepe ulegee na kujikunja sawasawa. Hedi na kile kigurudumu cha mpira visafishwe kwa pamba yenye spiriti kila baada ya kanda chache, kwa sababu vumbi la kiangazi hapa kwetu halisamehe chombo. Redio ikianza kula kanda, zimeni mara moja, msivute kwa nguvu, fungueni kifuniko, mwutoe utepe taratibu na kuurudisha kwa penseli. Utepe ukikatika, msiunge kwa gundi ya karatasi ya kawaida, maana gundi ile huyeyuka na kushikamana na mizunguko ya jirani. Nileteeni.

Baada ya hapo, waya huunganishwa kutoka tundu la vipokea sauti vya masikioni hadi kwenye kompyuta, na sauti ya redio iwe nusu, isizidi, la sivyo maneno yatakwaruza. Tunatumia programu ya Audacity, ambayo hutolewa bure. Upande mmoja wa dakika thelathini, ukihifadhiwa kwa ukamilifu wake kwa njia moja ya sauti, huchukua takribani megabaiti 160. Nakala ndogo ya kugawa kwenye simu huchukua kama 29. Hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja itachukua saa moja, na arobaini hizi zitatutaka saa arobaini na ushei za kukaa na kusikiliza.

Kuna mas-ala moja iliyonisumbua zaidi kuliko ukungu. Katika kanda mojawapo, darsa ilipokwisha, mtu alisahau kuzima. Yakafuata mazungumzo ya Imamu akisuluhisha mume na mke, na majina yao yanasikika. Kijana mmoja aliniambia: "Ustadhi, haya ni mafunzo mazuri, tuyaweke pamoja na darsa." Nikamwambia hapana. Tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwamba yanayosemwa vikaoni ni amana, na watu wale hawakujua kuwa chombo kinawaka. Sehemu hiyo haikuhamishwa. Niliirudisha kanda ile kwa mjane wa Imamu nikamweleza, naye akaniagiza niifute sehemu hiyo. Tulifunika nafasi ya kijino kwa utepe wa gundi, nikabonyeza kitufe chekundu kwa mara ya pili katika maisha yangu juu ya sauti ya mwalimu wangu, safari hii kwa idhini. Na nyinyi wenye simu za kisasa, mnaonasa watu kwa kidole kimoja na kurusha vipande vya nusu sentensi kwenye makundi, mas-ala hii ni yenu kuliko ilivyokuwa yetu.

Hadi leo tumekwisha hamisha kanda kumi na saba. Tutakuwa hapa kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Mwenye kanda za darsa nyumbani, iwe Vwawa, Mlowo au Ileje, azilete zikiwa ndani ya vifuko vyake, asiziweke juu ya spika wala kwenye dashibodi ya gari juani. Tunahitaji pia redio kaseti nyingine nzima, kwa kuwa hii moja belti yake imeanza kulegea.

Ile kanda ya Surat Yusuf niliiacha mpaka nilipopata ujasiri. Juma lililopita niliisikiliza yote. Usomaji wetu wa Surat Mulk unachukua dakika ishirini na sita, kisha unasikika mlio wa kitufe nilichokizima mwenyewe. Baada ya mlio huo, utepe uliobaki haukuguswa. Ghafla Imamu anazungumza, katikati ya maneno, kuhusu ndugu zake Yusuf walipoingia kwake bila kumtambua, na anaendelea kwa dakika nne hadi utepe unapokwisha. Dakika hizo nne nimezihifadhi mahali patatu.

Wabillahi tawfiq.