Tuwafundishe Watoto Afrika Tukianzia Hapa Mkange



Leo tuzungumze juu ya watoto wetu na bara letu la Afrika. Wengi wetu husema, "Ah, hiyo kazi ya mwalimu. Sisi tumejua kusoma ukubwani, tutamfundisha mtoto nini?" Tusiseme hivyo. Mtoto asiposikia habari za Afrika nyumbani, atashika kila analoambiwa na wengine. Ataambiwa Afrika ni nchi moja, tena ya njaa na vita tu, naye atasadiki. Afrika si nchi moja. Umoja wa Afrika una nchi wanachama 55. Na Tanzania yetu hii, kwa ukubwa wake wote, yaweza kuingia ndani ya Afrika zaidi ya mara 30.

Tuanzie wapi? Tuanzie mtoni. Mto Wami watoto wa hapa wanaujua. Haya, chukueni kijiti mchore mchangani. Huku bara, mto unakotoka. Huku mashariki, Bahari ya Hindi, unakomwaga maji yake. Mtoto akishaelewa mto mmoja, mpelekeni mbali zaidi. Katika Ziwa Viktoria hutoka mto Nile. Unapita Uganda, Sudan Kusini na Sudan, unafika hadi Misri. Maji ya Ziwa Tanganyika nayo hayaji kwetu. Yanatoka kwa mto Lukuga, yanaingia mto Kongo, yanakwenda Bahari ya Atlantiki. Hebu fikirini, mvua ya Kigoma inaishia bahari nyingine kabisa!

Halafu tuwape habari za njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na watu walikwenda kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walileta pembe za ndovu. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo. Habari hiyo ni chungu, lakini tusiwafiche watoto. Tuwaambie pia kwamba Kiswahili kilisafiri na misafara hiyo, kikavuka ziwa. Ndiyo maana watu wa mashariki ya Kongo wanakisema mpaka leo.

Hao ndugu zetu wa Kongo wanakula kisamvu kama sisi, ila wao wanakiita sombe. Wanakipika kwa mawese, sisi kwa nazi. Basi akina mama, mnapotwanga kisamvu, hapo ndipo pa kuzungumza na mtoto. Mwambieni na hili: muhogo wenyewe asili yake si Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini. Atacheka, lakini hatasahau.

Na akiuliza swali msilolijua? Msimkemee. Nendeni naye shuleni mkaitazame ramani ya Afrika pamoja, wala msione haya. Mkange hamtaiona, maana ramani ni ndogo. Tafuteni Dar es Salaam, mpandishe kidole juu kidogo kufuata pwani. Mkipita Bagamoyo, kabla ya kufika Pangani, mwambieni mtoto, "Sisi tuko hapa."