Kumtembelea Dada Chennai Baada ya Miaka 20

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi ya Maji na wafanyakazi wa vituo na wajumbe wa kamati za maji, kikao cha robo mwaka)



Wapendwa wafanyakazi wenzangu, wajumbe wa kamati, na ninyi kina mama wa vikundi mlioamka usiku kuwahi kikao hiki, nimeombwa nizungumze kuhusu likizo yangu ya Januari 2025. Wengi mmeniuliza habari za safari nikawajibu kwa kifupi kwamba ilikuwa njema. Ilikuwa njema, lakini kuna mengine.

Kwa wasiojua, dada yangu mkubwa, kifungua mimba wa Mama, alikwenda India mwaka 1990 kusomea uuguzi. Mwaka 1995 akaolewa huko na kijana Mtamil, Mlutheri kama sisi. Msishangae. Mmisionari Ziegenbalg alifika Tranquebar, pwani ya Watamil, mwaka 1706, na ile Misheni ya Leipzig iliyokuja Kilimanjaro mwaka 1893 ilikuwa tayari imefanya kazi kwa Watamil miaka mingi. Wao walitutangulia. Shida ilikuwa mahari tu. Baba alisubiri wakwe walete, kumbe kule desturi ya wengi ni upande wa binti ndio utoe, ingawa sheria ya nchi inakataza tangu 1961. Mwishowe hakuna aliyempa mwenzake kitu, na Baba alilalamikia jambo hilo mpaka anafariki.

Mimi nilimfuata Dada mwaka 2001 kusoma shahada ya kazi za jamii. Miaka mitatu nililala sebuleni kwao, mtaa wa Purasawalkam, kwenye mkeka chini ya feni. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na sisi tulikuwa watu tisa. Mama mkwe wa Dada, tuliyemwita Amma, ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la mchele. Jioni nikirudi na treni kutoka Tambaram, kabla ya kuuliza habari za masomo aliniuliza, "Saaptiya?" yaani, umekula? Kuna muhula fedha kutoka nyumbani hazikufika. Wazee mnakumbuka bei ya kahawa ilivyoanguka miaka ile. Amma alivua bangili yake ya dhahabu akaipeleka kuweka rehani, nikalipa ada. Jambo hilo sijawahi kulisema mbele ya watu mpaka leo.

Watamil wakiondoka mahali hawasemi "nakwenda". Kwao ni kujitakia mabaya. Husema "poyittu varen", maana yake nakwenda kisha naja. Mei 2004 nilisimama mlangoni na begi langu nikamwambia Amma maneno hayo. Amma akafariki mwaka 2007, sikwenda. Shemeji akafariki mwaka 2022 kwa ugonjwa wa moyo, sikwenda. Sababu zilikuwepo kila mara, na zote za kweli: nauli, ada za watoto, ripoti ya mradi inayodaiwa. Ukizijumlisha zinafika miaka 20.

Na hata safari hii sikwenda kwa kujituma. Nilitumwa. Mwaka jana ukoo ulikaa nyumbani kwa Mama, wazee wakasema: binti yetu amebaki mjane katika mji uliojaa watu wasio wa kwao, arudi, tutamkatia sehemu ya kihamba ajenge. Ninyi mnaotoka mlimani mnajua uzito wa neno hilo, maana binti aliyekwisha kuolewa hakatiwi kihamba. Mama hakusema kitu kikaoni. Usiku alinifuata chumbani akaniambia, "Umlete."

Basi nikafika Chennai, mji ambao mpaka 1996 uliitwa Madras. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu pale zaidi ya watu 26,000 katika kila kilometa moja ya mraba. Tarakimu hiyo niliwahi kuiandika katika ripoti, lakini mwili ulikuwa umeisahau. Kuna treni ya kisasa sasa, ilianza mwaka 2015, safi na ya baridi. Ukipanda ngazi kutoka chini ya ardhi unarudi mlemle: pikipiki, bajaji za njano, ng'ombe, muuza maua ya asumini, mzee anayepiga pasi barabarani kwa pasi ya mkaa. Kichochoro cha kwa Dada kilikuwa na nyumba za ghorofa moja. Sasa ni tatu, nne, na anga limebaki kama utepe. Jirani akikaanga pilipili, unapiga chafya wewe. Siku tatu za kwanza nilisema moyoni kwamba wazee walikuwa na haki kabisa.

Dada ni muuguzi mkuu wa zamu sasa. Kiswahili chake kimesimama pale alipokiacha. Aliniuliza habari za Mzee Mwinyi kana kwamba bado yuko Ikulu, nikamweleza kwamba tulimzika mwaka 2024. Akihesabu fedha anahesabu kwa Kitamil. Nilimsikia akiota kwa Kitamil pia, maana bado nililala sebuleni na ukuta ni mwembamba.

Hapa niseme kidogo habari za maji, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Mwaka 2003 serikali ya jimbo la Tamil Nadu iliamuru kila jengo, jipya na la zamani, liwe na njia ya kukusanya maji ya mvua na kuyaingiza ardhini. Mimi na shemeji tulichimba shimo uani kwa mikono yetu, tukalijaza matofali yaliyovunjika, kokoto na mchanga, tukashusha bomba kutoka paani ili maji yachujwe na kuingia katika kisima cha zamani. Shemeji alikuwa fundi katika kiwanda cha mabehewa pale Perambur na hakupenda kazi ya kulipua. Alisema wengine kichochoroni waliweka bomba ili mkaguzi apite tu. Kila Septemba, kabla ya mvua zao kubwa za Oktoba hadi Desemba, alifukua shimo, akaosha kokoto, akazirudisha.

Desemba 2015 mji ule ulifunikwa na mafuriko. Juni 2019 mabwawa yake makubwa manne yalikuwa karibu matupu, na Julai serikali ikaanza kuleta maji kwa treni kutoka Jolarpet, zaidi ya kilometa 200, lita milioni mbili na nusu kwa safari moja. Mji uleule, miaka minne tu kati. Kisima cha shemeji mwaka ule kilishuka sana lakini hakikukauka. Dada aliniambia walipanga zamu, ndoo mbili kwa kila nyumba, na waliokuja kuchota walikuwa hata wale wa bomba la mkaguzi.

Naye hakuwa mtoaji tu, msije mkamfanya mtakatifu. Lori la maji lilikuwa linakuja saa yoyote, na Dada yuko zamu ya usiku hospitali. Bibi mmoja wa nyumba ya pili, Mhindu, yule anayechora maua kwa unga wa mchele mlangoni kila alfajiri, ndiye aliyempangia foleni vyungu vyake vya plastiki wiki baada ya wiki. Dada akirudi asubuhi anavikuta vimejaa kwenye ngazi. Mafuriko ya 2015 bibi huyo na wajukuu walilala kwa Dada, ghorofani. Nilimwuliza Dada kama huwa wanazungumzia mambo hayo. Akasema hapana, huwa wanagombana kuhusu takataka.

Shemeji alipofariki, mwanawe alimwaga zege uani apate kuegesha pikipiki, akalifunika shimo. Dada alimwamuru alivunje. Alama ya nyundo nimeiona, na mimi nikafukua kokoto pamoja na kijana, tukaziosha, ingawa Januari si wakati wake. Wenzangu, miradi yetu mingapi ina mtu wa Septemba? Tunaandika gharama za kujenga tanki, tunaandika na siku ya uzinduzi.

Ujumbe wa wazee niliukalia siku tisa. Siku ya kumi Dada alinipeleka makaburi ya Kilpauk. Nayo yamejaa kama mji wenyewe, misalaba imegusana mabega. Hakuna nafasi mpya, kwa hiyo muda uliowekwa ukipita kaburi la familia hufunguliwa na kutumika tena. Katika kaburi moja yumo baba mkwe, aliyezikwa 1989, kisha Amma, kisha shemeji. Majina matatu katika jiwe moja, na chini pamebaki nafasi. Nilipiga magoti nikataka kumwambia Amma kitu, nikakuta Kitamil changu chote cha maana kimepotea. Nilibaki na neno moja, nimekula.

Tukiwa tumeketi pale ndipo nikasema nilichotumwa. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anayesikiliza salamu kutoka kwa wazee. Kisha akaniuliza, "Mama atazikwa wapi?"

Nikasema, kwa Baba, kihambani.

"Kwao Mama si kule?"

Nikasema si kule. Kwao Mama ni ng'ambo ya mto.

Akagusa ile nafasi chini ya jiwe. "Basi waambie wazee nimeshukuru sana. Na mimi nimeolewa." Baadaye, njiani, alilia, na akasema maneno ambayo sitayaleta hapa. Alisema pia kwamba angependa kuja kukaa na Mama miezi miwili akipata likizo, na kwamba kahawa yetu tuitume iliyosagwa, maana tunaiuza bila kuinywa.

Siku ya kuondoka kichochoro chote kilijua ndege ni saa ngapi. Bibi wa vyungu aliniuliza kama nimekula. Dada alinisimamisha mlangoni, palepale, akasema, "Sema vizuri." Nikasema. Nina nauli ya kuanza kuweka, na mke wangu ameshaambiwa.

Wazee nimewapa jibu na wamelipokea, wawili kati yao kwa kununa. Mama alinyamaza siku nzima. Jioni, akimenya ndizi, akaniuliza siku hiyo ikifika nani atamwimbia mwanawe kwa Kichaga. Sijamjibu.