Mintarafu ya Kuomba Ufadhili wa Serikali ya Japani kwa Wanafunzi Watafiti

Nimetakiwa niseme, mbele ya wahadhiri wetu na mbele yenu vijana mliokwisha kupata shahada zenu na sasa mnayakusudia masomo ya juu ng'ambo, juu ya ufadhili ambao serikali za nje huwapa wanafunzi watafiti, na kwa kuwa mlango mmoja ulioelezwa barabara hufaa kuliko milango kumi iliyotajwa kwa majina tu, nitajifunga na mmoja, nao ni ule wa Wizara ya Elimu ya Japani, ambao waombaji wengi huujua kwa jina la MEXT.

Ufadhili huu ulianzishwa mwaka 1954, miaka tisa tu baada ya nchi ile kushindwa vitani, na hadi leo unawapokea wanafunzi wa mataifa mengi, ya Afrika Mashariki yakiwamo. Aliyejaaliwa kuupata hasamehewi ada ya chuo peke yake, bali hupewa pia tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi, na posho ya kila mwezi ambayo kwa miaka kadhaa sasa imekuwa yeni 143,000 kwa mwanafunzi mtafiti, 144,000 kwa wa uzamili na 145,000 kwa wa uzamivu. Ni riziki ya kumtosha mtu mmoja asiye na makuu. Lakini mwenye mume au mke na watoto na afahamu mapema ya kuwa hakuna nyongeza ya familia, na anayetoka Kigoma au Lamu na afahamu kwamba nauli ya kumfikisha penye uwanja wa ndege wa kimataifa ni juu yake mwenyewe.

Utaratibu wake ni mrefu, ila haukufichika. Zipo njia mbili, moja hupitia pendekezo la ubalozi na ya pili pendekezo la chuo cha Japani. Mimi nasema juu ya ile ya ubalozi, ambayo ndiyo iliyo karibu na wengi wenu. Aghalabu tangazo hutoka katika Aprili au Mei, nao mwombaji, ambaye shurti awe hajafikia umri wa miaka 35 kwa tarehe iliyowekwa, huwasilisha fomu, matokeo ya chuo, barua ya mapendekezo na andiko la utafiti. Anayepita mchujo wa karatasi huitwa kufanya mtihani wa maandishi wa Kiingereza na Kijapani, kisha usaili. Akifaulu, hupewa hati ya kufaulu mchujo wa kwanza, na kwa hati hiyo huwaandikia maprofesa wa Japani kuomba barua ya kukubaliwa kwa masharti, halafu jina lake hupelekwa Tokyo kwa uamuzi wa mwisho. Safari yenyewe huwa Aprili ya mwaka unaofuata, au Septemba ama Oktoba yake. Basi anayetarajia kutuma karatasi Mei na kupanda ndege Agosti ya mwaka ule ule ameupoteza mwaka mzima kabla hajaanza.

Hayo ya taratibu kila mtu aweza kuyasoma katika mwongozo wa ubalozi, wala sikuja hapa kwa ajili yake. Nililojia ni andiko la utafiti, kwa kuwa hapo ndipo wengi wa vijana wetu, tena wenye matokeo ya kupendeza, huangukia. Katika maandiko niliyopata kuombwa kuyapitia, nimeona sehemu kubwa yake ni ama mashtaka ya umaskini wa nchi zetu, ama sifa za maendeleo ya Japani, ama ahadi kwamba mwandishi akirudi ataliletea taifa neema. Na hayo yote, ingawa yaweza kuwa kweli tupu, si utafiti. Serikali inayotoa fedha kwa mtafiti hainunui dhiki yake wala shukurani yake. Inanunua swali, nalo ni swali ambalo yeye aweza kulijibu, kwa njia anayoweza kuieleza, chini ya mwalimu ambaye kweli yuko, katika muda uliowekwa.

Natoa mfano. Kijana wa delta ya Rufiji, aliyesoma kilimo, ameona mashamba ya mpunga yakiingiwa na maji ya chumvi, akaandika kwamba anataka kwenda Japani kutafiti mabadiliko ya tabianchi na usalama wa chakula barani Afrika. Msaili atamwuliza, na ni haki yake kumwuliza: kwa nini Japani? Kwa andiko lile hana jibu ila kusifu teknolojia. Lakini lau angalikumbuka kwamba tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliyafunika kwa maji ya bahari mashamba ya mpunga ya Miyagi na majimbo jirani, eneo la zaidi ya hekta 20,000, na kwamba wataalamu wa kule walilazimika kuiosha chumvi ile katika udongo kwa maji baridi, mfereji kwa mfereji, hadi wakulima wakapanda tena, angaliuliza: je, udongo wa mfinyanzi wa delta, usio na mifereji ya kuaminika, waweza kuoshwa kwa mvua za masika peke yake, na kwa kiasi gani? Swali hilo lina sababu ya kupelekwa Japani, lina watu waliokwisha kulifanyia kazi, na lina mwisho. Hata msaili asiyejua Rufiji iko wapi ataona kwamba mbele yake ameketi mtu anayejua anakokwenda.

Na huyo mwalimu wa kuelekezewa swali hutafutwa kwa bidii, si kwa kubahatisha. Wajapani wameweka wazi hifadhi ya kumbukumbu iitwayo KAKEN, ambamo utafiti uliopewa ruzuku ya serikali yao umeorodheshwa kwa jina la mtafiti na kwa mada, hata mwombaji akaweza kutambua profesa gani anashughulika na jambo gani leo. Wala tusidhani ya kuwa sisi ni wageni kabisa kwao: Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwatafiti sokwe wa Mahale, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1965, miaka 20 kabla mahali pale hapajafanywa hifadhi ya taifa, na katika Chuo Kikuu cha Osaka Kiswahili kinasomeshwa hata leo.

Lakini katika ufadhili huu pana sharti ambalo huwanasa hasa wanafunzi wetu wa ikolojia, lugha na historia, nalo ni kwamba mwombaji ambaye tangu mwanzo amekusudia kufanya utafiti wa uwandani wa muda mrefu nje ya Japani hastahiki. Kwa maoni yangu sharti hili ni zito, maadam mengi tunayotaka kuyajua yako huku kwetu. Lakini ndilo sharti, na anayeandika kwamba atakaa miezi kumi Rufiji akikusanya habari amejifungia mlango kwa mkono wake. Dawa yake ni kukusanya sampuli au takwimu mapema, kutumia picha za setilaiti, na kuiweka kazi kubwa katika maabara na maktaba za kule.

Jambo jingine linalowatia watu fadhaa ni kule kuanza kama mwanafunzi mtafiti, kenkyusei kwa Kijapani, ambaye bado hasomei shahada, na ambaye asipojua lugha yaweza kumlazimu kupitia mafunzo ya Kijapani ya miezi sita. Wako wanaoona ni kushushwa daraja. Mimi naona ni fursa, kwa sababu huo ndio wasaa wa kulinyoosha swali pamoja na msimamizi kabla ya mtihani wa kuingia uzamili au uzamivu; naye asiyefaulu mtihani huo hawezi kurefushiwa ufadhili, basi si wasaa wa kutembea.

Nikhitimishe kwa ombi, na ombi hili nawaelekezea wahadhiri zaidi kuliko vijana. Barua ya mapendekezo isemayo kwamba mwanafunzi ni mtiifu na mcha Mungu haimsaidii. Iseme aligundua nini katika tasnifu yake, na alifanyaje alipokwama. Fauka ya hayo, naomba kila idara imteue mtu mmoja ambaye, kati ya Januari na Machi, atayasoma maandiko ya waombaji na kuyarudisha yakiwa na maswali pembeni, ili Aprili tangazo litokapo pawe na andiko lililokwisha kuandikwa upya walau mara moja.