Mwendo wa Yule Anayebeba

Masomo: Mwanzo 33:12-14, Waamuzi 13:8-11, Isaya 40:11

  

Tunaposema "sisi" leo, tunamaanisha watu wawili: mchungaji anayesema nanyi, na mama mchungaji aliyeketi hapa pembeni. Mahubiri haya tuliyaandaa pamoja mezani kwetu. Mahali pengine yeye alifuta, pengine aliongeza. Tunazungumza juu ya mume na mke wanaongoja mtoto: siku zao za kawaida, na zaidi Jumamosi na Jumapili zao. Mtu anaweza kuuliza, je, hilo ni neno la kuhubiriwa? Ndiyo, wapendwa, kwa sababu sisi tulilipia gharama kubwa kabla ya kulijua.

1. Jumamosi tuliyoikosa

Mimba yetu ya kwanza ilikuja mwaka wa pili wa ndoa. Tulikuwa tukiishi hapa Bukavu, Kadutu, kwenye mteremko. Mwanaume kati yetu alikuwa ametoka shule ya Biblia na moto mwingi. Siku za juma alifundisha, na kila Jumamosi alikuwa safarini: semina, kampeni ya injili, mkesha wa vijana. Jumapili alihubiri, jioni alirudi amechoka, akala, akalala. Mwanamke kati yetu alichota maji kwa bidoni ya lita 20, akapanda nayo mlima, akapika kwenye mbabula, akafua, akaenda korale. Watu walisema, "Mama mchungaji ana nguvu." Sisi pia tulisema hivyo.

Mwezi wa saba kichwa kilianza kumwuma sana, na uso na mikono vikavimba. Akasema ni uchovu. Chumba cha maombi kilikuwa katika kufunga siku tatu, naye akafunga pamoja na wengine, maana mke wa mchungaji atakulaje wengine wakifunga? CPN alikuwa amekwenda mara moja tu. Jumamosi usiku, mumewe akiwa mbali katika kampeni, akaanza kushikwa na degedege. Majirani walimbeba mikononi mpaka barabarani. Mungu alimwokoa mama. Mtoto hatukumpata. Baba alifika siku ya Jumatatu, akamkuta mkewe amegeuzia ukuta uso wake.

Katika kampeni ile watu waliokoka, nasi tunamshukuru Mungu kwa roho zile. Lakini mke alipopata nguvu ya kusema, aliuliza neno moja tu: "Kondoo wote umewatembelea. Na mimi?" Neno hilo halikujibiwa siku ile. Mahubiri haya ni sehemu ya jibu.

2. Yakobo alikataa kuharakishwa

Tufungue Mwanzo 33. Yakobo amekutana na ndugu yake Esau baada ya miaka mingi. Esau anafurahi, anataka waende pamoja. Yakobo anakataa kwa heshima. Anaeleza kwamba watoto wake bado ni wadogo na kwamba anao wanyama wanaonyonyesha, ambao wakisukumwa kwa nguvu hata siku moja tu wanaweza kufa wote. Kwa hiyo Esau atangulie. Yeye atafuata pole pole, kwa mwendo wanaouweza watoto na wanyama.

Angalieni jambo hili, wapendwa. Mwenye nguvu hakuchagua mwendo wa safari. Mwendo ulichaguliwa na yule anayebeba na yule anayenyonyesha. Nabii Isaya, sura ya 40, anatuonyesha kwamba ndivyo Bwana mwenyewe alivyo: anabeba wana-kondoo kifuani, na kondoo wenye kunyonyesha anawaongoza kwa upole. Ikiwa Mchungaji wa mbinguni anapunguza mwendo kwa ajili ya mama, wewe mchungaji wa parokia unakimbilia wapi? Wewe mzee wa kanisa, wewe baba wa nyumba, unakimbilia wapi?

3. Manoa alimfuata mke wake

Katika Waamuzi 13, malaika anamtokea mke wa Manoa na kumwambia kwamba atazaa mwana. Anamwagiza pia ajiangalie katika anachokula na anachokunywa. Yaani, Mungu anapanga juu ya Samsoni, na anaanza na sahani ya mama yake! Hamwambii afunge siku tatu. Anamwambia achunge chakula chake.

Naye Manoa, anaposikia, hasemi, "Hayo ni mambo ya wanawake." Anamwomba Bwana amtume tena yule mjumbe awafundishe wote wawili namna ya kumlea mtoto atakayezaliwa. Mungu anasikia ombi lile. Malaika anarudi, lakini anarudi kwa mwanamke, shambani, wakati mumewe hayupo. Mwanamke anakimbia kumwita. Na Biblia inatuambia kwamba Manoa aliondoka akamfuata mke wake. Katika nchi yetu, mwanaume anatembea mbele na mke anakuja nyuma na mzigo kichwani. Manoa alifuata, na kwa kufuata akamfikia mjumbe wa Bwana.

4. Jumamosi zetu mpya

Mimba ya pili ilikuja baada ya miaka miwili. Tuliogopa sana. Tulipiga magoti, tukaweka agano: kila Jumamosi, salongo ikimalizika, mpaka jioni, ni siku yetu. Hakuna semina, hakuna kikao. Wazee wa kanisa walinung'unika kidogo, halafu wakazoea.

Tulikuwa hatuna pesa ya matembezi, lakini ziwa halilipishi. Jumamosi ya kwanza tulishuka pole pole kupitia Nyawera mpaka upande wa Muhumba, mahali ambapo Ziwa Kivu linaonekana vizuri. Tulinunua mahindi ya kuchoma mawili. Tuliketi tukaangalia wavuvi wa sambaza wakiondoka na taa zao. Mnajua mitumbwi yao: mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavu uko katikati. Mmoja peke yake hauwezi kushika wavu ule. Mama akasema, "Ona, wanaenda watatu." Akaweka mkono juu ya tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wetu kumsikia akisema juu ya mtoto bila kulia.

Wakati wa kurudi, mlima ulitufundisha. Mwanaume alipanda kama alivyozoea, akiongea juu ya mahubiri ya kesho. Alipogeuka, alikuwa peke yake. Mke alikuwa chini kule, ameketi juu ya jiwe, akipumua. Tunawaambia kweli: katika mlima ule ndipo Mwanzo 33 ilipofunguka kwetu. Alishuka, akachukua kikapu, akaketi naye mpaka pumzi ikarudi. Watu waliopita walicheka, "Pasta amebeba kikapu cha mke!" Wacheke.

Kutoka hapo tulifanya mambo matatu kila juma.

La kwanza, kutembea. Siku nyingine tulikwenda ziwani, siku nyingine kumsalimu mama mkwe na kula sombe yake, siku nyingine mvua ilinyesha tukabaki nyumbani kushona nguo za mtoto kwa vipande vya kikwembe cha zamani. Katika matembezi hayo mke alisema mambo ambayo hawezi kuyasema ndani ya nyumba yenye wageni: hofu yake, ndoto zake, mahali panapouma. Baba mpendwa, hutajua kwamba mkeo kichwa kinamwuma ikiwa hukai naye muda wa kutosha kukisikia.

La pili, CPN pamoja. Tulikwenda kila tarehe iliyoandikwa kwenye fishi. Mwanaume alikuwa peke yake kati ya wanawake thelathini kwenye benchi, akaona haya. Lakini pale alijifunza kwa nini wanapima presha, kwa nini wanatoa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria na chandarua. Siku hizi OMS, shirika la afya la dunia, inashauri mama aonekane mara nane katika mimba moja. Ushauri huo ulitolewa mwaka 2016, na kabla yake ilikuwa mara nne. Tena tulijifunza dalili ambazo hazingoji Jumatatu wala mwisho wa kufunga: damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza. Ukiona moja ya hizo, nenda hospitali saa ileile, na maombi yafanyike njiani.

La tatu, mfuko. Kila Jumamosi tuliweka franka 2.000 ndani ya kopo. Siku nyingine tuliweka kwa kuacha nyama. Baada ya majuma 30 tulikuwa na franka 60.000. Mama mwenye mimba hawezi kulala vizuri ikiwa hajui pesa ya kuzaa itatoka wapi.

5. Kisu cha daktari si kushindwa kwa imani

Mwezi wa mwisho, kwenye CPN, waliona kwamba mtoto amelala kimkingamo. Daktari akasema atazaliwa kwa operesheni. Ndipo vita ilipoanza. Wapendwa wengine, watu wa maombi wanaotupenda kweli, walituambia tukatae: wameona katika roho kwamba mama atazaa mwenyewe, na kwamba operesheni kwa mke wa mchungaji ni aibu kwa kanisa.

Jumamosi ile tulishuka tena ziwani. Hatukununua mahindi. Tuliomba pale, kwa sauti ndogo, na mke akasema: "Mara ya kwanza niliogopa watu wataniona bila imani, nikafunga nikiwa mgonjwa. Sitaogopa watu mara ya pili." Tukaenda. Mtoto alilia saa tatu asubuhi. Pesa ya kopo haikumaliza deni lote, lakini ilitufungulia mlango bila kuombaomba, na kanisa lilisaidia yaliyobaki. Mtoto yule leo anatuzidi kwa kukimbia mlima wa Kadutu.

Mji wetu una mfano ambao kila mmoja anaujua. Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa hapa Bukavu. Ameeleza kwamba akiwa na miaka 8 alimsindikiza baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hampi dawa. Baba akamweleza kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kwamba baba ataendelea kuomba, naye atatoa dawa. Hospitali ya Panzi aliyoianzisha mwaka 1999 iko chini ya jumuiya yetu ya Kipentekoste ya CEPAC, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Baba anayeomba na mwana anayetibu walitoka nyumba moja. Tusiwatenganishe.

6. Kwa wewe uliyelia

Hatuwezi kumaliza bila kusema nawe uliyepoteza. Yakobo yule aliyetembea pole pole katika sura ya 33, katika sura ya 35 anamzika Raheli aliyekufa akizaa njiani karibu na Efrata. Biblia haimlaumu Yakobo, wala haimlaumu Raheli. Inatuambia tu kwamba aliweka nguzo juu ya kaburi. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba mtoto wako alikufa kwa kukosa imani. Sisi mtoto wetu wa kwanza tunamhesabu. Tukiulizwa tuna watoto wangapi, moyoni tunaongeza mmoja.

Lakini kuna misiba ambayo Mungu ametupa njia ya kuizuia, na njia hiyo mara nyingi ni mume kuwa nyumbani Jumamosi.

Kazi ya juma hili

Baba, ikiwa mkeo ana mimba, chagua Jumamosi moja, funga simu, tembea naye kwa mwendo wake. Bidoni ya maji uichote wewe. Tarehe ya CPN uijue wewe bila kuulizwa. Wazee na wachungaji, tusiwape kufunga kina mama wenye mimba. Wao wabaki kula na kuomba. Na wewe dada uliyeachwa na mimba bila mume, kanisa ni jamaa yako: kina mama wa parokia watembee nawe, kama Elisabeti alivyompokea Maria nyumbani kwake karibu miezi mitatu.

Tuombe. Bwana, wewe unayewaongoza kwa upole wale wanaonyonyesha, utusamehe tulipokimbia tukawaacha nyuma. Uwalinde kina mama wote wanaobeba usiku huu, mjini na vijijini, na wale waliokimbia makwao wakilala chini ya mahema. Uwape waganga hekima, uwape waume miguu ya kurudi nyumbani. Katika jina la Yesu. Amina.