Kabati Lisilo na Kufuli: Hotuba kwa Wakazi wa Mpakani



Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini askari wa doria hukutana naye usiku. Baadhi ya wanaokamatwa katika mashamba ya jirani wamesukumwa na tumbo. Ndiyo maana leo tunazungumzia chakula katika mkutano wa usalama.

Mwaka 2015, mjini Galdakao, kaskazini mwa Hispania, jokofu liliwekwa kando ya barabara. Mwenye ziada huweka, mwenye haja huchukua, wala haulizwi jina. Yakawekwa masharti: nyama mbichi, samaki wabichi na mayai marufuku, chakula kilichopikwa nyumbani kiandikwe tarehe. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, majokofu ya namna hiyo yalienea New York na Chicago. Huko Chicago wasanii wa mitaa waliyapamba kwa michoro na rangi. Jokofu lililopambwa halidhaniwi kuwa takataka. Kila apitaye hutambua kuwa lina wenyewe, na anayelifungua hapungukiwi heshima.

Kwetu, soko linapofungwa jioni, ndizi mbivu na mboga huachwa zikaoza, ilhali jirani analala njaa. Kwa kuwa umeme hukatika, tunaweza kuanza na kabati la mbao lenye wavu, lililoinuliwa kutoka ardhini, la kuhifadhia nafaka, matunda na mboga. Vijana walichore, kamati ya soko ilisafishe kila siku na kuondoa kilichoharibika, kwani kabati chafu huleta maradhi.

Tunajua swali mlilo nalo mioyoni: je, askari watasimama pale? Hapana. Sisi tulio mbele yenu tunaahidi kwamba hatutadai vitambulisho mbele ya kabati hilo, wala hatutaligeuza kuwa mtego. Anayeogopa kukamatwa hatalikaribia. Atabaki na njaa yake, na njaa itamrudisha shambani kwa mtu. Ukaguzi wa mpakani utaendelea mahali pake, na chakula kitabaki mahali pake.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunawaomba mlijadili jambo hili katika vikao vyenu, huku na ng'ambo, mtuletee uamuzi wenu. Kabati litakuwa mali yenu. Sisi tutakuwa majirani wenu.