Utunzaji wa Begonia Vyunguni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Begonia ni ua la msituni, na mwenye kulipanda bila kulijua hilo hulitesa pasipo kukusudia. Jamii yake ina aina zaidi ya 2,000. Afrika Mashariki nayo ina za kwake: Begonia meyeri-johannis hutambaa juu ya miti katika misitu ya Kilimanjaro na Usambara. Nyingi huishi kivulini, katika majani yaliyooza, mahali ambapo maji hupita lakini hayatuami.

Kwa sababu hiyo chungu hakina budi kuwa na tundu chini. Kopo tupu la mafuta hufaa sawa na chungu cha dukani, ilimradi litobolewe kwa msumari mahali kadhaa. Udongo wa mfinyanzi mtupu haufai. Uchanganywe na mboji na mchanga wa mtoni. Chungu kiwekwe barazani penye mwanga wa asubuhi, maana jua la adhuhuri huunguza majani.

Kwenye maji ndipo begonia nyingi hufia. Mmea wenye kiu hulegeza majani. Mmea uliozamishwa majini nao hulegeza majani vilevile, kwani mizizi iliyooza haiwezi kunyonya tena. Mwenye nyumba aonapo hivyo hukimbilia maji, na huruma hiyo ndiyo inayoumaliza mmea. Yampasa kwanza achomeke kidole udongoni. Ukiwa mkavu, anyweshe mpaka maji yatoke chini, kisha amwage yaliyosalia katika sahani. Ukiwa mbichi ilhali majani yamelegea, asitie hata tone. Autoe mmea chunguni, akate kwa kisu safi mizizi yote ya kahawia yenye kuteleza na kunuka, aupande upya katika chungu kidogo zaidi. Hata shina likiwa limeoza chini, ncha yenye vifundo viwili au vitatu vizima yaweza kuchomekwa katika mchanga mbichi ikatoa mizizi.

Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Majani hayo yaondolewe, na vyungu vitenganishwe ili hewa ipite.

Chama chenye chungu kimoja tu cha begonia rex, ile yenye majani ya rangi nyingi, hakina haja ya kununua kingine. Jani lililokomaa hugeuzwa, mishipa yake mikubwa ikakatwa hapa na pale, kisha likalazwa juu ya mchanga wenye unyevu, upande uliokatwa ukiwa chini, na kukandamizwa kwa vijiwe. Baada ya majuma kadhaa miche huchipua kwenye mikato hiyo. Begonia ndogo za kawaida, zenye majani ya kung'aa, hazifai kwa njia hiyo. Hizo huzalishwa kwa vipande vya mashina au kwa mbegu.

Vyungu viwekwe mbali na paka na mbwa. Utomvu wa begonia huwasha kinywa, na sehemu za mizizi ndizo kali zaidi.