Kuwatembeza Wageni Unguja

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo kila mwenyeji wa Unguja hulipata: mgeni amekwisha shuka, amekula na kupumzika, na asubuhi auliza, "Leo mtatupeleka wapi?"

Sisi tuliulizwa hivyo na shangazi yetu wa Maskati, aliyehama kisiwani angali binti, akaja kututazama pamoja na wajukuu wake wawili. Mji Mkongwe hakuhitaji kuonyeshwa. Yeye ndiye aliyetuongoza vichochoroni, wala hakupotea ila mara moja, nasi tukanyamaza. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa upya mwaka 2009, ilimpendeza, ingawa alisema miti ya utotoni mwake ilikuwa mikubwa zaidi.

Siku ya pili tulikwenda Kizimbani, penye mashamba ya viungo. Wale watoto hiliki waliijua ndani ya dele la kahawa tu; wakastaajabu kuiona ikizaa chini kabisa, karibu na udongo.

Kisha tulipanda mashua kwenda Changuu kuwatazama kobe wakubwa. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko, wakazaana wakawa wengi. Baadaye wezi waliwachukua wakauza, hata mwaka 1996 wakabaki saba tu, ndipo ulinzi ukakazwa. Mjukuu mdogo alitwambia kwa siri kwamba angependa kumchukua mmoja nyumbani. Naam, wengi walipenda hivyo.

Lakini safari tuliyoiogopa ilikuwa ya Jozani, kwa sababu ya kima punju. Mnyama huyu asili yake ni Unguja peke yake. Mgongo wake ni mwekundu kama kutu, tumbo lake jeupe, na nywele za kichwani zimesimama kama za mtu aliyeamshwa ghafula. Shangazi alipowaona juu ya miti aliwavuta watoto nyuma. "Tokeni hapo, wanangu! Hao wana sumu. Mti wakiula hukauka." Ndivyo alivyofundishwa na wazee wake, na kwa kweli jina lenyewe la punju lataja sumu. Nasi tuliona haya kumkanusha mkubwa wetu mbele ya wajukuu.

Punde mtoto mdogo, asiyejua hofu, alitoa ndizi mbivu mfukoni akamnyoshea kima mmoja. Tulicheka. Mlinzi wa msitu hakucheka; aliushika mkono wa mtoto kwa upole akaurudisha. Akaeleza kwamba tumbo la kima punju lina vyumba kadhaa, na majani huchachukia humo. Matunda mabivu yenye sukari huliharibu tumbo hilo. Chakula chake ni majani na matunda mabichi. Basi aliyekuwa karibu kutiwa sumu ni kima, na sisi wenyeji tulisimama tukitazama.

Akamgeukia shangazi kwa heshima: "Bibi, majani ya mkungu na ya mwembe yana vitu vinavyolisumbua tumbo. Kima wanaokaa karibu na mashamba huenda kwenye matanuri wakaokota vipande vya makaa, wakavitafuna. Makaa huvinyonya vitu vile."

Shangazi alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe sumu i katika majani, naye ajijulia dawa yake." Akawaachia watoto wasogee, lakini si sana.

Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004. Barabara ya kwenda Paje yapita kando ya msitu, na kima wengi waligongwa na magari hapo kabla ya kuwekwa matuta. Tulipokuwa tukirudi dereva alipunguza mwendo kwenye tuta la kwanza. Shangazi akamwambia apunguze zaidi. Ile ndizi mjukuu aliila mwenyewe, kabla hatujafika tuta la pili.